Seli za Sola za Kikaboni kwa Mwanga wa Ndani ya Nyumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yamekusudiwa wanafunzi wa uhandisi, mafundi wa elektroniki na wasimamizi wa majengo jijini Nairobi ambao wamesikia kwamba kuna sola inayofanya kazi chini ya taa za ofisini, na wangependa kujua ni lipi la kuaminika katika habari hiyo kabla ya kutoa fedha zao.

Seli ya sola ya kikaboni ni kitu gani?

Ni seli inayogeuza mwanga kuwa umeme kwa kutumia misombo ya kaboni, yaani polima na molekuli zilizoundwa maabara, badala ya silikoni iliyomo katika paneli tunazoziona juu ya mapaa. Tabaka linalofyonza mwanga huwa na unene wa nanomita 100 hadi 300 hivi, ambao ni mdogo kuliko unene wa unywele kwa mamia ya mara, na kwa kuwa viambato vyake huyeyuka katika vimiminika, tabaka hilo linaweza kuchapishwa juu ya plastiki kama wino unavyochapishwa juu ya karatasi. Seli iliyokamilika ni nyepesi, inakunjika, na inaweza kukatwa kwa umbo ambalo kifaa kinahitaji.

Historia yake si ya jana. Mwaka 1986 Ching W. Tang, aliyekuwa mtafiti wa Kodak, alichapisha habari za seli yenye matabaka mawili ya kikaboni iliyofikia ufanisi wa takriban asilimia 1. Katika miaka ya 1990 watafiti waligundua kwamba kuchanganya polima na molekuli za fulerini, yaani molekuli za kaboni tupu zenye umbo kama la mpira, kunazalisha umeme zaidi, na mwaka 2000 Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi yao kuhusu polima zinazopitisha umeme. Mruko mkubwa ulikuja baada ya 2015, fulerini zilipoanza kuachwa na nafasi yake kuchukuliwa na molekuli mpya, mojawapo ikiwa ile iitwayo Y6 iliyotangazwa mwaka 2019 ikiwa na ufanisi unaozidi asilimia 15 juani.

Umeme unatokeaje ndani ya tabaka jembamba kiasi hicho?

Mwanga ukifyonzwa na silikoni, elektroni huachana upesi na nafasi iliyoiacha, na umeme hupatikana bila taabu kubwa. Katika nyenzo za kikaboni mambo ni tofauti, kwa sababu elektroni na nafasi yake hubaki zimeshikamana kama jozi moja, inayojulikana kama eksitoni, na jozi hiyo husafiri takriban nanomita 10 tu kabla ya kujifia bila faida. Ndiyo maana seli hizi hutengenezwa kwa aina mbili za nyenzo, moja ya kutoa elektroni na nyingine ya kuipokea, zikachanganywa kama mahindi na maharagwe katika githeri, ili popote eksitoni inapozaliwa ikute mpaka wa nyenzo ya pili karibu nayo. Mpakani hapo jozi hutengana, elektroni ikaelekea upande mmoja na chaji chanya upande wa pili. Ubora wa mchanganyiko huo, yaani ukubwa wa punje zake na jinsi zilivyoungana hadi kwenye matabaka ya kukusanyia umeme, huamua mengi kuliko jina la polima iliyotumika.

Mwanga wa taa ni hafifu sana. Kwa nini seli hizi ziufae?

Hili ndilo swali lenye uzito. Jua la adhuhuri hubeba takriban miliwati 100 kwa kila sentimita ya mraba. Taa nyeupe za LED zinazoipa meza ya ofisi mwanga wa luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), ambacho ni kiwango cha kawaida cha ofisi iliyowekewa taa vizuri, hubeba mikrowati 150 hadi 165 tu kwa eneo hilohilo. Tofauti ni ya mara 600 au zaidi, na hakuna ufundi wa kemia utakaoifuta. Kinachobadilika ni jinsi seli inavyotumia hicho kidogo kilichopo, na hapo nyenzo za kikaboni zina faida tatu.

Ya kwanza ni rangi. Jua hutoa nishati nyingi katika mionzi ya infraredi isiyoonekana kwa macho, na silikoni imekaa vizuri kuipokea. Taa ya LED hutoa karibu nishati yake yote ya mwanga kati ya nanomita 400 na 700, kwa hiyo uwezo wa silikoni wa kupokea infraredi hauna kazi ndani ya nyumba. Kwa mwanga wa aina hiyo nyenzo bora ni ile yenye pengo la nishati, yaani nishati ndogo kabisa ambayo mwanga lazima ubebe ili nyenzo iufyonze, la takriban elektronivolti 1.9, ilhali silikoni ina 1.1. Mkemia anaweza kurekebisha molekuli ya kikaboni hadi ifikie pengo analolitaka, na kinadharia seli iliyolingana na LED inaweza kuvuka ufanisi wa asilimia 50, jambo lisilowezekana kwa seli ya tabaka moja iliyo juani, ambayo kikomo chake ni takriban asilimia 33.

Ya pili ni volti. Kila mwanga unapopungua mara kumi, volti ya seli hushuka kwa milivolti 60 au zaidi kidogo. Seli inayoanza na volti ndogo huumia zaidi kwa upungufu huo kuliko seli iliyoundwa kwa pengo kubwa la nishati.

Ya tatu huwashangaza wengi waliozoea paneli za paani. Juani, mkondo wa umeme ni mkubwa, na ukinzani wa nyaya na matabaka ya kupitishia umeme hula sehemu ya nishati yake. Ndani ya nyumba mkondo ni mdogo mno kiasi kwamba ukinzani huo karibu hauna athari, na adui anayebaki ni uvujaji, yaani vijia vidogo ambavyo umeme hupitia ndani ya seli yenyewe bila kufika nje. Ikiwa tabaka lina kasoro ndogondogo, seli inayoonekana nzima juani inaweza kuwa mfu kabisa chini ya taa. Anayenunua paneli ndogo ya bustani na kuitarajia ifanye kazi sebuleni hukutana na kisa hiki.

Je, naweza kuchajia simu?

Hapana. Seli yenye ukubwa wa simu, tuseme sentimita za mraba 100, iliyo na ufanisi wa asilimia 20 chini ya luksi 500, hutoa takriban miliwati 3.2. Betri ya simu ya kawaida hubeba wati-saa 15 hivi. Taa zikiwaka saa kumi kwa siku, utaingoja simu hiyo ijae kwa zaidi ya mwaka mmoja, hata kabla hujahesabu nishati inayopotea njiani. Anayekuuzia kava la simu linalojichaji kwa taa za sebuleni anakuuzia kava tu.

Basi zinafaa kuendesha nini?

Zinafaa kwa vifaa vinavyolala karibu muda wote na kuamka kwa kitambo kidogo kufanya kazi moja. Mifano ni sensa za joto na unyevu, sensa za kuhesabu watu wanaoingia chumbani, rimoti, vibandiko vya bei vya kielektroniki kwenye rafu za supamaketi, na vitambulishi vya Bluetooth vya kufuatilia mali.

Hesabu ni hii. Seli ya sentimita za mraba 10 chini ya luksi 500, kwa ufanisi wa asilimia 20, hutoa mikrowati 320. Kwa saa kumi hizo ni miliwati-saa 3.2, sawa na jouli 11 na nusu kwa siku. Tukiziachia nusu zipotee katika kubadilisha volti na kuhifadhi, hubaki karibu jouli 6. Saketi nzuri iliyolala hutumia mikrowati 6 hivi, ambazo kwa siku nzima ni nusu jouli. Kinachobaki kinatosha kutuma ujumbe wa Bluetooth kila dakika na kubakiza akiba nyingi, kwa kuwa ujumbe mmoja hugharimu mikrojouli 100 au chini yake. Redio ya LoRa, inayofika mbali zaidi, inaweza kula makumi ya milijouli kwa kila ujumbe, hivyo itakubidi uutume mara chache, pengine kila robo saa. Wi-Fi ni ghali kuliko hapo, na modemu ya mtandao wa simu usiifikirie.

Kwa kulinganisha, betri ya sarafu aina ya CR2032 hubeba takriban wati-saa 0.67, kiasi ambacho seli yetu ya sentimita 10 huzalisha katika miezi saba. Kifaa kimoja kisikushawishi kwa hilo. Fundi anaweza kubadilisha betri moja kwa dakika mbili. Mantiki huja pale jengo la Upper Hill au Westlands linapokuwa na sensa mia kadhaa juu ya dari, na kila betri inapotaka ngazi, mtu wa kupanda, na kibali cha mpangaji wa ofisi.

Nitajuaje kama chumba changu kina mwanga wa kutosha?

Pima. Hili ndilo jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko ufanisi wa seli. Kipimo kinachofaa ni luksi zikizidishwa kwa saa za kuwaka kwa siku. Ofisi yenye luksi 500 kwa saa kumi ina luksi-saa 5,000. Maegesho ya chini ya jengo, yenye luksi 75 tu lakini taa zisizozimwa usiku wala mchana, yana 1,800, nayo huwa bora kuliko watu wanavyodhani.

Sasa tuangalie chumba cha kupanga katika ghorofa za Pipeline au Umoja, ambako majengo yamesongamana na dirisha limetazamana na ukuta wa jirani. Balbu moja ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, na kwa umbali wa mita mbili mwanga wake wa moja kwa moja hauzidi sana luksi 30. Ukijumlisha unaorudishwa na kuta zilizopakwa rangi nyeupe, labda utapata 50. Ikiwaka kwa muda wa saa tano kila jioni, hizo ni luksi-saa 250, pungufu mara ishirini kuliko ofisi. Seli ileile iliyotuma ujumbe kila dakika ofisini itaweza tu kukilisha kifaa kilicholala, na pengine isiweze hata hilo. Hakuna seli iliyopo itakayoziba pengo la mara ishirini. Dawa ni kuongeza ukubwa wa seli au kuisogeza.

Kuisogeza husaidia kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa karibu na dirisha lililo wazi mchana, luksi hufika maelfu kwa urahisi, na Nairobi ina bahati yake: mji uko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, jua huchomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima, kwa hiyo mhandisi hahitaji kuandaa akiba ya miezi ya giza kama mwenzake wa Uswidi. Kipindi cha kuangaliwa ni cha mawingu ya Julai na Agosti. Pima katika wiki hizo, si Januari.

Kipima luksi cha mkononi kinatosha kwa kazi hii. Programu za simu hutofautiana sana kati ya simu na simu, kwa hiyo zitumie kulinganisha pembe moja ya chumba na nyingine, usizitumie kama ushahidi wa namba kamili. Kumbuka pia kuweka kipimo palepale na kukielekeza kulekule seli itakakoelekea. Luksi za juu ya meza si luksi za ukutani.

Stima ikipotea, kifaa kinazimika?

Kikiwa kimesanifiwa vizuri, hakizimiki. Seli huunganishwa na hifadhi, ambayo ni kapasita kubwa au betri ndogo ya lithiamu inayochajika. Kapasita huvumilia kuchajiwa na kutumika mara nyingi mno, lakini baadhi yake huvuja kiasi kinachokaribia kile seli inachozalisha katika chumba hafifu, kwa hiyo soma karatasi ya vipimo vyake kabla ya kununua. Katika ofisi, kupotea kwa umeme kwa saa chache si tatizo kubwa. Tatizo ni wikendi ndefu na likizo ya Krismasi, ambapo taa huzimwa kwa siku kumi au zaidi. Hifadhi ipimwe kwa kipindi hicho.

Nasoma kwamba ufanisi umefika asilimia 26 au hata 30. Niziamini namba hizi?

Ziamini kwa masharti. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Beijing likiongozwa na Jianhui Hou lilitangaza ufanisi wa asilimia 26.1 kwa seli ya sentimita moja ya mraba chini ya LED ya luksi 1,000, na tangu hapo maabara mbalimbali zimeripoti namba zinazozidi 30. Hata hivyo, juani dunia yote hupima kwa mwanga mmoja wa mfano, ilhali ndani ya nyumba kila maabara kwa muda mrefu ilitumia taa yake. LED yenye mwanga wa manjano na LED yenye mwanga mweupe wa samawati zinaweza kusomwa luksi sawa huku zikibeba nishati tofauti, kwa sababu luksi hupima jinsi jicho la binadamu linavyouona mwanga, haipimi nishati. Mwanga uliorudishwa na kuta za maabara ukiingia pembeni mwa seli ndogo, ufanisi hupanda bila stahili.

Zaidi ya hayo, seli ya maabara ni ndogo na imechaguliwa. Moduli iliyochapishwa, yenye seli kadhaa zilizounganishwa mfululizo na nafasi tupu kati yake, hutoa pungufu. Muulize muuzaji swali moja tu: moduli hii nzima inatoa mikrowati ngapi kwa luksi 200, na kwa taa ya aina gani? Akikujibu kwa asilimia, mrudishe kwenye swali.

Zinadumu kwa muda gani?

Maadui wa nyenzo za kikaboni ni oksijeni, unyevu, joto na mionzi ya urujuanimno. Ndani ya nyumba wawili kati yao hupungua sana: LED hazitoi urujuanimno wa kutajika, na seli haichemki kama iliyo juu ya bati. Kwa hiyo nyenzo ileile iliyochakaa upesi juani inaweza kuishi muda mrefu zaidi chini ya taa. Unyevu na oksijeni hubaki, na hao huzuiliwa na plastiki ya kufungia, ambayo ubora wake ndio huamua mengi kuhusu maisha ya moduli. Usiikate pembeni ili itoshee kifaa, na usiipachike juu ya jiko ambako mvuke wa sufuria haukatiki.

Kwa nini nisitumie ile sola ya kalkuleta?

Unaweza, na mara nyingine ni uamuzi wa busara. Ile ni silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele, ambayo pengo lake la nishati ni takriban elektronivolti 1.7, na imekuwa ikiendesha kalkuleta tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inavumilia, ni rahisi, na fundi anaweza kuipata leo. Kasoro zake ni kwamba mara nyingi huwekwa juu ya kioo kisichokunjika, na ufanisi wake chini ya taa hupitwa na seli nzuri za kikaboni. Ikiwa kifaa chako ni bapa, kina nafasi ya kutosha na mwanga upo, anza na hiyo. Seli za kikaboni huchukua nafasi ya mbele pale umbo, wembamba au uhaba wa nafasi unapobana.

Je, zitaongeza bili ya umeme?

La. Seli huchukua mwanga ambao ungeishia ukutani. Ila usiwashe taa kwa ajili ya seli. Hapo utakuwa unanunua umeme wa Kenya Power kwa wati ili upate mikrowati.

Zina sumu?

Seli za kikaboni hazihitaji risasi, tofauti na seli nyingi za perovskaiti, aina nyingine ya seli nyembamba za fuwele, ambazo pia zinafanya vizuri sana chini ya taa. Suala lipo kiwandani na maabara, ambako vimumunyisho vyenye klorini kama klorobenzini vimetumika sana, na watengenezaji wanajitahidi kuvibadilisha kwa vingine visivyodhuru sana. Mwanafunzi anayetaka kujaribu afanye kazi hiyo ndani ya kabati la kufyonza mvuke.

Zinatengenezwa wapi?

Miongoni mwa kampuni zinazozichapisha kwa matumizi ya ndani ya nyumba ni Epishine ya Linköping, Uswidi, na Dracula Technologies ya Valence, Ufaransa. Aliye Nairobi huagiza kutoka nje, kwa hiyo ahesabu usafirishaji na ushuru pamoja na bei, na aombe sampuli chache kwanza badala ya katoni nzima.

Nina kifaa cha betri. Naweza kutoa betri na kuweka seli?

Si moja kwa moja. Seli moja kwa kawaida hutoa chini ya volti 1 chini ya taa, kwa hiyo huhitajika kadhaa zilizounganishwa mfululizo, au chipu ya kuvuna nishati kama BQ25570 au AEM10941 inayopandisha volti, kuchaji hifadhi na kulinda isijazwe kupita kiasi. Kabla ya hapo pima kifaa chenyewe kwa siku mbili kinakula kiasi gani kwa wastani. Vifaa vingi vya bei nafuu vina taa ndogo ya kuonyesha kwamba vimewashwa, na taa hiyo peke yake hula miliwati kadhaa, zaidi ya mavuno yote ya seli, kwa hiyo iondoe kwanza. Kisha angalia mahali kifaa kinapokaa. Tumewahi kuulizwa kuhusu vipimajoto vya friji za chanjo, ambavyo kwa kila kigezo kingine vinafaa, lakini ndani ya friji ni giza mlango ukifungwa. Hapo seli hubandikwa nje ya mlango, upande unaotazama taa, na waya mwembamba hupitishwa kwenye mpira wa mlango hadi kwenye sensa, baada ya kuhakikisha kwamba mpira bado unafunga bila kuachia hewa.